Alexis Carrel, munganga mwenye alishona mishipa ya damu

Haya ni maisha ya munganga mmoja Mfaransa, jina lake Alexis Carrel. Alizaliwa 1873, akafa 1944. Mimi si munganga. Ni delege wa sendika katika mgodi na masomo yangu yaliishia sekondari. Lakini miaka hii miwili nimekaa saa nyingi kwenye banki za hospitali nikisindikiza kamarade mmoja, na mtu akikaa sana pale anaanza kuuliza. Njo vile nilifika kwa huyu Carrel.

Kamarade wetu alikuwa mtu wa kutoboa mwamba. Tansiyo ilimharibu figo polepole, yeye akifikiri ni uchovu wa kazi. Siku walipomwambia, figo zilikuwa zimekwisha. Sasa anaishi na dialize: mashine inatoa damu mwilini, inaisafisha, inairudisha, saa nne kila mara.

Mimi nilifikiri shida yote iko kwa mashine. Kumbe shida kubwa ni mlango wa kuingilia. Mashine inataka damu nyingi, karibu mililita 300 kila dakika, ni kusema chupa ya soda kila dakika kwa saa nne mfululizo. Mishipa yenye tunaona juu ya mkono, ile ya vena, damu yake inatembea pole. Ukiinyonya kwa nguvu inajifunga. Mishipa ya ateri, yenye kutoka moyoni, iko na nguvu, lakini imejificha ndani na si ya kuchomwa sindano kila juma. Basi munganga anafungua ngozi karibu na kifundo cha mkono, anashona vena kwenye ateri. Damu ya ateri inaingia ndani ya vena kwa nguvu, vena inapanuka, ukuta wake unakuwa mnene, na kisha majuma sita hivi inaweza kuchomwa. Pale palikuwa panapita mililita 20 au 30 kwa dakika, sasa zinapita 600 na zaidi. Ukiweka vidole juu unasikia kutetemeka, sawa unashika bomba la pampu ya kutoa maji mgodini. Wanaita hiyo fistula. Kwetu mtu akisema fistula watu wanafikiri ule ugonjwa wa wamama wenye walizaa kwa shida. Ni neno moja, lakini hii ya mkono ni njia yenye waganga walitengeneza kwa kusudi.

Kabla ya Carrel, kazi hiyo ilishinda karibu wote wenye walijaribu. Mshipa ukikatika, munganga aliufunga kwa uzi, basi. Kama mguu utaoza, uoze.

Carrel alizaliwa tarehe 28 Juni 1873 huko Sainte-Foy-lès-Lyon, pembeni ya mji wa Lyon. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya vitambaa, akafa mtoto akiwa bado mdogo sana. Ni kisha kifo hicho mtoto alichukua jina la baba, Alexis. Mama alimlea katika dini ya Kikatoliki, akasoma kwa Wajezuiti, halafu akaingia masomo ya uganga palepale Lyon.

Tarehe 24 Juni 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alifika Lyon kutembelea maonyesho makubwa. Usiku, akiwa ndani ya gari la farasi, kijana mmoja Mwitaliano, anarshisti, jina lake Caserio, akamchoma kisu tumboni. Kisu kilikata mshipa mkubwa wa vena wenye kupeleka damu kwenye ini. Waganga wakubwa wa Lyon walikuwa pale, wakafungua tumbo, lakini hakuna hata mmoja aliyejua kushona mshipa kama ule. Rais akafa kisha saa sita za usiku, tarehe 25. Carrel alikuwa mwanafunzi wa miaka 20. Aliona kwamba Rais amekufa juu ya kukosa fundi, na akasema waziwazi kwamba mshipa unaweza kushonwa sawa ngozi inavyoshonwa. Wakubwa wake hawakupenda kusikia hayo kutoka kwa kijana.

Lyon ni mji wa hariri. Kuna wamama pale wenye kudarizi na sindano nyembamba sana, kazi ya macho na vidole. Carrel akaenda kujifunza kwa mmoja wao, Madame Leroudier, fundi mwenye sifa. Hii sehemu ya maisha yake njo inanifurahisha kuliko zote: msomi wa chuo kikuu anakaa mbele ya mama mfanyakazi, anashika uzi, anakosea, anaanza tena. Alizoea kushona juu ya karatasi mpaka vidole vikajua kazi vyenyewe. Akatafuta sindano ndogo kuliko zile za hospitali, akapaka vaselini kwenye uzi wa hariri kusudi upite bila kupasua.

Mwaka 1902 akaandika ufundi wake katika gazeti la waganga wa Lyon. Mshipa ni duara, na duara ndogo yenye kulegea ni ngumu kushona: unavuta huku, kule kunajikunja. Carrel aliweka nyuzi tatu kuzunguka mdomo wa mishipa miwili, kwa nafasi sawa, halafu wasaidizi wakavuta zile nyuzi tatu kila mmoja upande wake. Duara ikageuka pembetatu. Sasa kila upande umenyooka, unashona upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, basi. Kwa mtu mwenye alijaribu hata siku moja kushona bomba la raba lenye kutoboka, akili ya jambo hili inaonekana mara moja.

Sindano peke yake haikutosha. Kilichokuwa kinaua kazi ya wengine ni damu yenyewe. Damu ikitembea juu ya ukuta laini wa mshipa, inapita. Ikikuta ukuta umekwaruzwa, ao kipande cha ngozi ya nje kimeingia ndani, ao njia imekuwa nyembamba, inaanza kuganda palepale. Donge linakua, njia inafunga. Carrel alielewa mambo haya matatu kuliko wenzake: usikwaruze ndani, usipunguze njia, na usiache uchafu hata kidogo, juu uchafu mdogo wenye hauharibu kidonda cha ngozi unatosha kuharibu mshono wa mshipa. Hayo matatu mpaka leo njo waganga wa fistula wanapigana nayo.

Mwaka uleule 1902 likatokea jambo lingine lenye lilimfukuza Lyon. Alisindikiza treni ya wagonjwa kwenda Lourdes, mahali Wakatoliki wanaenda kuomba Bikira Maria. Ndani kulikuwa msichana mmoja mwenye kifua kikuu cha tumbo, karibu kufa. Carrel aliona kwa macho yake tumbo lile likishuka na msichana akipona, akaandika kile alichoona. Waganga wenzake wakamcheka kuwa anaamini miujiza. Watu wa Kanisa nao wakamkasirikia juu hakusema wazi kwamba ni muujiza. Hakupata cheo cha hospitali alichokuwa anatafuta. Mwaka 1904 akapanda meli kwenda Kanada, na wazo la kuacha uganga kabisa na kufuga ng'ombe.

Ng'ombe hakufuga. Alifika Chicago, akapata nafasi katika chuo kikuu pamoja na Charles Guthrie, Mmarekani. Hawa wawili walifanya kazi mpaka 1906 kwa moto wa ajabu. Walihamisha figo za mbwa, wakazishona kwenye shingo, na figo zikatoa mkojo. Walishona ateri kwenye vena kusudi waone kama damu inaweza kugeuzwa njia katika mguu. Walichukua kipande cha vena wakakiweka mahali pa ateri, na walipofungua tena kisha muda wakakuta ukuta wa vena umekuwa mnene. Vena, ikipigwa na nguvu ya ateri, inajijenga. Jambo hilo njo linawezesha mkono wa kamarade wetu. Na njo jambo lilelile linaweza kumharibia, kwa kuwa ule unene ukizidi karibu na mshono, njia inapungua. Nitarudi kwa hilo.

Guthrie alisahauliwa. Wakati wa sifa, sifa zote zilienda kwa Carrel. Sisi watu wa kazi ya kikundi tunajua hadithi hiyo.

Mwaka 1906 Carrel akaitwa New York, katika Institut Rockefeller, pesa za tajiri wa petroli. Akavaa na kuvalisha wasaidizi wake nguo nyeusi katika chumba cha kupasulia, kwa kuwa aliona mwanga wa nguo nyeupe unasumbua macho. Watu walimwona mtu wa ajabu, mkali, mwenye kujiona.

Machi 1908 kuna mtu aligonga mlango wake usiku. Munganga mmoja wa mji ule alikuwa amezaa mtoto wa kike siku chache tu, na mtoto alikuwa anatoka damu bila kukoma. Wakati ule hakuna chupa za damu, na hawakuwa na dawa ya kuzuia damu isigande nje ya mwili. Carrel hakuwa na ruhusa ya kutibu watu katika New York. Alikuwa mtu wa kupasua mbwa. Akaenda. Baba akalala, Carrel akafungua kifundo cha mkono wake wa kushoto, akatoa ateri. Mtoto akawekwa pembeni ya baba, Carrel akafungua nyuma ya goti lake, akatafuta vena, nyembamba na laini kama kigae cha kitunguu chenye kulowa. Akashona ateri ya baba kwenye vena ya mtoto. Akaachia. Mtoto alikuwa mweupe sawa karatasi; akaanza kuwa mwekundu, akalia. Alipona.

Nilipouliza waganga wetu, waliniambia ateri ile ya kifundo cha mkono njo ileile wanatumia leo kwa fistula. Mwaka 1908 ilishonwa kwenye vena ya mtu mwingine kwa nusu saa ya kuokoa; leo inashonwa kwenye vena ya mtu mwenyewe, kwa miaka.

Mwaka 1912 akapewa Prix Nobel ya uganga, juu ya kushona mishipa na kuhamisha viungo. Alikuwa na miaka 39. Ilikuwa Nobel ya kwanza ya uganga kwa kazi yenye ilifanywa Marekani, ingawa Carrel alibaki raia wa Ufaransa mpaka kufa. Kuhusu figo, alisema ukweli: mshono umefaulu, lakini figo ya mnyama mmoja ndani ya mwingine inakataliwa, na sababu yake hakuijua. Jambo hilo lilingoja miaka zaidi ya 40.

Mwaka uleule alianza kulisha kipande cha moyo wa kifaranga ndani ya chupa, akasema seli hazifi kamwe. Magazeti yalishangilia. Kazi iliendelea mpaka kisha kifo chake. Baadaye, 1961, wengine wakaonyesha kwamba seli za kawaida zinagawanyika mara zenye hesabu, halafu zinasimama. Inaonekana katika chakula cha kila siku mlikuwa mnaingia seli mpya. Carrel alikuwa mtu wa kuamini sana kile alichotaka kuamini.

Vita ya 1914 ikamkuta Ufaransa na bibi yake, mjane mwenye alioa 1913. Akapewa hospitali katika hoteli moja ya Compiègne, karibu na mstari wa vita. Askari walifika na vidonda vya vipande vya bomu, vyenye udongo na nguo ndani, na walikuwa wanakufa kwa kuoza au kukatwa miguu. Pamoja na Mwingereza Henry Dakin, mtu wa kemia, wakatengeneza maji ya klorini yenye nguvu ndogo, ni kusema ndugu ya maji ya javel yetu lakini yenye kupimwa vizuri, na wakaweka vibomba vidogo vya kusafisha kidonda kila baada ya saa chache. Miguu na mikono mingi ilibaki juu ya hiyo. Kama Carrel angekufa 1920, ningemaliza hapa na tungemwombea vizuri.

Hakufa. Katika miaka ya 30 alifanya kazi na rubani Charles Lindbergh, yule mwenye alivuka bahari peke yake 1927. Lindbergh alikuwa na ndugu wa bibi yake mwenye ugonjwa wa moyo, akauliza kwa nini hakuna mashine ya kushika nafasi ya moyo. Mwaka 1935 wakaonyesha pampu ya kioo yenye kulisha kiungo nje ya mwili kwa siku nyingi. Wazo la damu kutembea nje ya mtu kwa pampu safi liko pale pia.

Lakini mwaka huohuo 1935 Carrel akatoa kitabu chake, L'Homme, cet inconnu. Kiliuzwa sana, kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Mimi nimekisoma, kwa shida, na sehemu zingine nilizisoma mara mbili juu sikuamini macho. Ndani yake anasema kwamba wenye kuwa wafanyakazi wa chini leo wako chini juu ya ubovu wa mwili na akili wenye walirithi kwa wazazi. Anasema wenye nguvu wasaidiwe waongezeke, na dhaifu wasichukue mali ya wenye afya. Na kwa wahalifu wakubwa na baadhi ya wagonjwa wa akili waliofanya uhalifu, anashauri nyumba ndogo za kuwaua pole kwa gazi. Mwaka 1936, katika chapa ya Kijerumani, aliongeza maneno ya kusifu hatua za serikali ya Ujerumani juu ya watu hao. Serikali hiyo ilikuwa ya Hitler. Miaka minne haikupita, Wajerumani walianza kuua wagonjwa wao kwa gazi.

Wengine wanamtetea kwamba wakati ule waganga wengi wa Ulaya na Marekani waliwaza vile. Ni kweli, walikuwa wengi. Lakini Madame Leroudier alikuwa mfanyakazi wa chini. Na askari wa Compiègne, wengi wao walikuwa watoto wa wakulima na wa wachimba makaa.

Alipofika miaka 65 Institut Rockefeller ikamtoa kwa pansio, na hakufurahi. Vita ya pili ilipoanza alirudi Ufaransa. Mwaka 1941 serikali ya Pétain, yenye ilikuwa inatumika na Wajerumani, ikamtengenezea taasisi kubwa ya kuchunguza matatizo ya mwanadamu, na pesa nyingi. Yeye akawa mkubwa wake. Kazi zingine za taasisi ile zilikuwa za maana, chakula cha watoto, afya ya wafanyakazi, hesabu ya watu, na sehemu yake ilirithiwa na taasisi ya serikali ya hesabu ya watu iliyoanzishwa 1945. Lakini mlango alioingilia ulikuwa ule wa Pétain. Paris ilipopata uhuru Agosti 1944, akatolewa kazini, akashtakiwa kwa maneno ya watu kwamba alisaidia adui. Moyo wake ulikuwa mgonjwa tayari. Akafa Paris tarehe 5 Novemba 1944, bila kufika mbele ya hakimu. Walimzika kwenye kisiwa chake kidogo cha Saint-Gildas, upande wa Bretagne.

Mwaka mmoja mbele, 1943, katika Uholanzi yenye Wajerumani waliikalia, munganga Willem Kolff alijenga mashine ya kwanza ya figo yenye kufanya kazi kwa watu. Aliijenga na vifaa vya kuokoteza. Na hapo shida ya mlango ikarudi. Kila mara Kolff alipasua mshipa, akaingiza bomba, akafunga. Mara chache tu, mishipa ikaisha, na mgonjwa anakufa mashine ikiwa hapo. Kwa hiyo mashine ilikuwa ya wenye figo zao zitaamka zenyewe kisha siku chache. Mtu mwenye figo zimekufa kabisa hakuwa na njia.

Mwaka 1960, Seattle, Marekani, Belding Scribner aliweka bomba la plastiki la kubaki nje ya mkono, upande mmoja kwenye ateri, mwingine kwenye vena. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye figo zilizokufa aliweza kuishi miaka. Lakini bomba la nje linaganda, linaingiza wadudu, na likichomoka usiku mtu anaweza kumwaga damu yake yote kitandani. Na mashine zilikuwa chache, basi wakaweka kamati ya watu saba kuchagua nani aingie. Waliangalia kama mtu ana kazi, ana watoto, anasali, ana faida gani kwa mji. Gazeti moja kubwa lilitoboa habari hiyo 1962 na Wamarekani wakaona haya. Carrel alikuwa amekufa miaka 18, lakini mezani kwa kamati ile angekaa vizuri.

Halafu New York, mji alipofanyia kazi Carrel, waganga wa hospitali ya maaskari wa zamani huko Bronx wakafikiri tofauti: tuache plastiki, tushone ateri na vena ndani ya mkono, ngozi ifunike. Wakaanza 1965, wakatangaza 1966. Majina yenye watu wanakumbuka ni Brescia na Cimino, lakini mkono wenye ulishona ni wa mpasuaji Kenneth Appel. Fundi tena nyuma. Njo fistula yetu ya leo, na bado ni bora kuliko mabomba, ikipata nafasi ya kukomaa.

Sasa nirudi kwa ile niliahidi. Fistula ni mto wenye umelazimishwa, na mto unafanya yake. Mahali pa mshono, ukuta unaendelea kuota ndani, njia inapungua. Mtetemo unakuwa dhaifu, ao unageuka mpigo mgumu kama mlango unagongwa, mashine inapiga kelele, damu inarudi bila kusafishwa vizuri, mkono unavimba. Ikipungua zaidi, inaganda na kunyamaza. Kwa wengine ateri inapeleka damu nyingi kwenye fistula na vidole vinakosa: mkono unakuwa baridi, unauma wakati wa dialize, kucha zinageuka rangi, hasa kwa wenye sukari. Kwa wengine damu inapita kwa wingi mno, lita moja na nusu, mbili kwa dakika, na moyo unachoka kusukuma. Na wakichoma sindano mahali pamoja kila siku, ukuta unalegea, unatoa uvimbe wenye ngozi yake inang'aa. Huo ni wa hatari, ukipasuka ni dakika chache.

Kamarade wetu ilimpata ya kunyamaza. Alienda katika kituo kimoja kupimwa tansiyo, wakamfunga kile kitambaa cha kupimia kwenye mkono wa fistula. Alisema hapana, lakini kwa sauti ndogo, ya mtu mwenye kuheshimu blauzi nyeupe. Juma hilo alikuwa anaharisha, mwili umekauka, tansiyo chini. Usiku alilala juu ya mkono ule. Asubuhi bibi yake, mwenye ana kawaida ya kuweka sikio pale kila siku akiamka, hakusikia kitu. Wakanipigia simu. Waganga wanasema mshipa ukinyamaza uko na siku moja, mbili za kufunguliwa, kisha hapo donge linakuwa gumu. Sisi tulipata munganga wa mishipa siku ya tano. Fistula ikapotea. Wakamwekea kateteri shingoni, na sasa wametengeneza nyingine juu zaidi, karibu na kiwiko cha kushoto.

Kwa hiyo wenye fistula nyumbani mwao, ile bibi yake anafanya ifanywe kila siku: sikio ao vidole vitatu, asubuhi na usiku. Mkono huo usipimwe tansiyo, usitolewe damu ya maabara, usivae saa ya kubana, usibebe mfuko wa unga. Mtu akiwa anaharisha, asingoje siku ya dialize. Na mtetemo ukikosa, ni hospitali saa ileile, hata ni Siku ya Mungu.

Katika mgodi tulibishana miezi mitatu juu ya karatasi yake. Waliandika kwamba hafai tena kwa kazi, basi aende na matibabu yake mwenyewe. Katika mkutano mmoja kuna mtu, na hakuwa wa upande wa wakubwa, alikuwa wa kwetu, aliuliza kama ni akili kulipia mtu mwenye hatatoboa tena hata metre moja, wakati vijana wazima wanakosa viatu. Watu wengine walitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na kile kitabu cha 1935 ndani ya mfuko wangu, lakini sikukitoa. Nilihesabu tu mbele yao miaka aliyofanya chini, 23, na tani zenye kikundi chake kilitoa. Mwishowe walimweka kwenye ghala ya vifaa, kazi ya kuandika, na matibabu yakabaki.

Huko Ufaransa, katika miaka ya 90, miji mingi ilitoa jina la Carrel kwenye barabara zake. Kitivo cha uganga cha Lyon chenye kilikuwa na jina lake kilibadilishwa 1996, kikaitwa Laennec. Kamarade wetu nilipomsimulia haya yote, aliuliza paka kitu kimoja: kama yule mama wa kudarizi alilipwa kwa masomo. Sikujua. Anaenda dialize Jumanne na Ijumaa, na mkono mpya unasikika vizuri.